Waliokuja Kuuliza

Mvua ya Tukuyu haina haraka. Huanza asubuhi, na saa kumi za jioni bado iko palepale juu ya mabati, haikuongeza wala haikupunguza. Mstaafu aliyejifungia ndani siku kama hiyo hana la kufanya ila kusoma, kuota moto na kungoja simu za watoto. Ndivyo nilivyokuwa pale mjukuu wangu, anayesoma jiografia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliponipigia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huko kwema?"

"Kwema, ila joto tu. Babu, nina swali la masomo."

Mwalimu wake alikuwa amempa kazi ambayo enzi zetu hatukuijua. Alitakiwa kuchora ramani, lakini si ya milima wala mito. Alitakiwa kuchora ramani ya watafiti: nani alisoma kwa nani, nani alifanya kazi na nani, walikwenda wapi, wakachapisha wapi. Na watafiti wenyewe ni wale wanaochunguza watu ambao maisha yao hayako mahali pamoja: shamba liko Rungwe, kibarua kiko Dar es Salaam, kaka yuko Lusaka, na bado wote ni nyumba moja, fedha na habari zinapita baina yao kila mwezi. Wataalamu wa jiografia ya binadamu wana neno lao la kuitaja hali hiyo. Mjukuu wangu alilitamka kwa Kiingereza, kisha akataka nimpe Kiswahili chake. Nilifikiri kidogo nikamwambia aandike "mahusiano yavukayo mahali". Hakuridhika sana, lakini aliandika.

"Sasa nianzie wapi, Babu? Berlin? London?"

"Anzia nyumbani," nikamjibu. "Anzia hapa Rungwe."

Alicheka, akidhani nampenda mno Mnyakyusa mwenzangu. Lakini mimi sikuwa nafanya mzaha, na katika kurasa hizi nataka kumweleza msomaji kwa nini.

Mwaka 1934 alifika katika nchi yetu kijana Mwingereza aitwaye Godfrey Wilson. Alikuwa mwanafunzi wa Bronislaw Malinowski, yule mwalimu mashuhuri wa London aliyewafundisha wanafunzi wake kwamba mtu hawezi kuandika habari za watu asiokaa nao na asiojua lugha yao. Mwaka uliofuata alikuja mkewe, Monica, mzaliwa wa Lovedale katika Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini, binti wa wamisionari, ambaye tayari alikuwa amefanya utafiti miongoni mwa Wapondo. Walikaa kwetu, kwa vipindi, mpaka mwaka 1938. Walijifunza Kinyakyusa. Walihudhuria mazishi na harusi, wakasikiliza mashauri, wakaandika daftari baada ya daftari.

Waliyoyaona yaliwashangaza. Waliona vijiji vya rika, ambamo vijana waliokua pamoja walijijengea makazi yao wakakaa humo mpaka uzeeni, badala ya kila mtu kukaa na ukoo wa baba yake. Walilisikia neno ukwangala, ambalo sisi hulitumia kwa ile raha ya kukaa na wenzako, kula pamoja na kuzungumza pamoja, na wakatambua kwamba kwa Mnyakyusa hilo si jambo la kupoteza wakati bali ni msingi wa ubinadamu. Monica alipochapisha kitabu chake mwaka 1951, jina alilokipa, Good Company, lilitokana na wazo hilo la ukwangala.

Hadi hapa msomaji anaweza kusema: basi, ni habari za kabila moja, zina uhusiano gani na safari na mitandao? Uhusiano wake ni huu. Mwaka 1938 Godfrey Wilson aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, iliyoanzishwa katika mji wa Livingstone, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Taasisi hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika sehemu hii ya Afrika. Na waraka wake wa kwanza kabisa, uliotoka mwaka huohuo wa 1938, ulihusu nini? Ulihusu haki za mtu binafsi katika ardhi miongoni mwa Wanyakyusa. Yaani taasisi iliyokaa karibu na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya ilianza kazi yake kwa kuandika juu ya migomba yetu. Mwaka uliofuata Wilson akachapisha tena juu ya ndugu zetu wa Ngonde, wale wa Karonga, ambao mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliwatenga nasi kwa kuufanya mto Songwe kuwa mpaka.

Kisha Wilson akageuza uso wake kuelekea mjini. Alikwenda Broken Hill, mji wa migodi ambao sasa unaitwa Kabwe, akachunguza maisha ya vibarua waliotoka vijijini. Aliyoyaandika yalichapishwa mwaka 1941 na 1942. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kijiji na mgodi si dunia mbili. Kijana akiondoka kijijini, shamba lake linabaki na wanawake na wazee; mshahara wake mjini ni mdogo kwa sababu inadhaniwa kwamba kijiji kitamlisha mkewe; na kijiji kinadhoofika kwa sababu mikono yenye nguvu iko mjini. Ukitaka kuuelewa upande mmoja, sharti uutazame na wa pili. Nathubutu kusema kwamba hilo ndilo wazo lilelile ambalo mjukuu wangu ametumwa kulitafutia ramani baada ya miaka themanini.

Wilson hakudumu. Alikuwa mtu aliyekataa vita kwa dhamiri, naye akaacha kazi mwaka 1941. Alifariki mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita hivi. Mjane wake alikamilisha kazi waliyoianza pamoja, na mwaka 1945 kikatoka kitabu chao juu ya mabadiliko ya jamii, ambamo walieleza kwamba jamii hupimwa pia kwa upana wa mahusiano yake: je, mtu anahusiana na wangapi, wa mbali kiasi gani, na kwa uzito gani? Mimi nilipokisoma, nikiwa tayari nimeota mvi, nilimwona mle baba yangu.

Sasa tufuate mistari. Baada ya Wilson, taasisi ile iliongozwa na Max Gluckman, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1949 Gluckman alikwenda Manchester, Uingereza, akawa profesa wa kwanza wa somo lake huko, na wengi waliofanya utafiti Zambia na Malawi walipita mikononi mwake. Mmoja wa waliotoka katika taasisi hiyo ni John Barnes, aliyekuwa amewachunguza Wangoni. Mwaka 1954 Barnes aliandika juu ya kisiwa kimoja cha wavuvi nchini Norway, akalitumia neno mtandao kueleza jinsi watu wanavyofungamana, nyuzi zikipita kutoka mtu hadi mtu bila kuwa na mwanzo wala mwisho. Aghalabu yeye ndiye hutajwa kuwa wa kwanza kulifanya neno hilo kuwa chombo cha kitaalamu. Mwaka 1969 mwenzake wa taasisi ileile, Clyde Mitchell, akahariri kitabu kizima juu ya mitandao ya watu katika miji, na mifano yake mingi ilitoka katika miji ya Afrika.

Basi, ndugu msomaji, tazama mambo yalivyo. Mjukuu wangu anachora mtandao wa watafiti. Lakini hata hilo wazo la kuchora mtandao lilikulia katika taasisi ambayo mkurugenzi wake wa kwanza alijifunzia kazi hapa petu, chini ya mlima Rungwe. Ndiyo maana nilimwambia aanzie nyumbani.

Na mistari haikuishia huko. Katika miaka ya 1950 alikuja Philip Gulliver, mtaalamu wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika. Makala yake juu ya Wanyakyusa wanaokwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka ilichapishwa mwaka 1957 katika jarida la taasisi ileile ya Rhodes-Livingstone. Utafiti wake juu ya ardhi yetu ulitoka mwaka 1958 kwa njia ya Makerere, Kampala, ambako palikuwa na taasisi ya uchunguzi wa jamii ya Afrika Mashariki. Mmoja wa wakurugenzi wa mwanzo wa taasisi hiyo ya Kampala alikuwa Audrey Richards, naye pia mwanafunzi wa Malinowski, aliyewachunguza Wabemba. Gulliver baadaye alihamia Kanada. Hivyo Tukuyu imeunganishwa na Livingstone, Livingstone na Manchester, Manchester na Norway, Tukuyu tena na Kampala, na Kampala na London.

Monica Wilson naye alirudi kututazama mwaka 1955, kisha akaendelea kufundisha Cape Town. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Archie Mafeje, ambaye alifanya naye utafiti katika mtaa wa Langa, na kitabu chao kikatoka mwaka 1963. Mwaka 1968 chuo kikuu kilimpa Mafeje kazi, kisha kwa shinikizo la serikali ya makaburu kikamnyang'anya kwa sababu ya rangi yake. Akaja wapi? Mwaka 1969 alikuja Dar es Salaam, kwenye chuo kikuu chetu, kuongoza idara ya elimu ya jamii. Mwaka 1971 aliandika makala akiwashutumu wataalamu waliozoea kuyaeleza mambo yote ya Mwafrika kwa neno kabila. Mwanafunzi wa yule mama aliyetuandika sisi kama kabila akasimama katika nchi yetu kusema kwamba neno hilo limefunika mengi kuliko lilivyofunua. Katika ramani ya mjukuu wangu huo ni mstari mmoja tu wa wino, lakini kuna maisha ya mtu ndani yake.

Wanajiografia je? Mwaka 1967 chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa kifupi kama BRALUP, ambayo mwaka 1983 ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Mkuu wake wa kwanza, Len Berry, alihariri kitabu cha ramani za Tanzania kilichotoka mwaka 1971. Nilikitumia darasani mpaka jalada likatoka. Baadaye alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Clark. Hali kadhalika chuo chetu kilishirikiana na Uppsala ya Uswidi kuchunguza mmomonyoko wa udongo. Na katika miaka ya karibuni, Wajerumani wamerudi katika habari hizi kwa mlango mwingine. Ulrike Freitag na Achim von Oppen wa Berlin walihariri kitabu juu ya mahusiano haya yavukayo mahali mwaka 2010. Julia Verne akatoa chake mwaka 2012, baada ya kuwafuata wafanyabiashara Waswahili katika safari zao na mahusiano yao. Wajerumani wa kwanza kujenga kwetu walikuwa wamisionari wa mwaka 1891, Wamoravian hapa Rungwe na wale wa Berlin jirani yao. Nao waliandika sana. Njia hizi ni za zamani.

Hayo yote nilimsomea mjukuu wangu katika simu, siku mbili tatu mfululizo, naye akaandika. Mwishoni akasema, "Babu, ramani yangu imejaa. Ina majina ya Wazungu matupu, na Mafeje."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu yalikuwa kweli.

Hapo nikamtajia jina la Leonard Mwaisumo. Huyu alikuwa Mnyakyusa, karani wa akina Wilson. Alitafsiri, aliandika maneno ya wazee, aliwafungulia wageni milango ambayo peke yao wasingeifungua. Alifariki mwaka 1938, mwaka uleule ambao akina Wilson walimaliza kazi yao hapa, naye akiwa bado kijana. Kwa miaka mingi jina lake lilikaa pembeni. Mwaka 2013 ndipo kilipotoka kitabu, kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank, juu ya Monica Wilson na wakalimani wake, na humo Mwaisumo akapewa sura nzima. Nilimwambia mjukuu wangu amchoree duara lake, na liwe kubwa sawa na la Malinowski. Maana bila Mwaisumo hata Wilson asingefika Tukuyu, ingawa alikuwapo.

Ningeweza kuishia hapa, nikajiona nimetetea watu wetu. Kwa miaka mingi nilifanya hivyo. Katika mikutano ya walimu nilikuwa nikisimama na kulalamika kwamba wageni wametuchukulia maarifa yetu, wamekwenda nayo kwao, sisi tumebaki mikono mitupu. Watu walikuwa wakipiga makofi. Lakini kuna habari moja ambayo sikuwa naisema, na sasa umri umenifikisha mahali ambapo kuificha hakuna faida.

Mwaka 1984 nilikuwa mkufunzi wa jiografia katika chuo cha ualimu cha nyanda hizi. Niliwapa wanachuo kazi ya likizo: kila mmoja amtafute mzee kijijini kwake ambaye aliwahi kwenda kutafuta kazi mbali, amuulize alipitia njia gani, alikaa wapi, alirudi na nini. Wazee wa aina hiyo walikuwa bado wengi. Walikuwapo waliokwenda Lupa, kule Chunya, ambako dhahabu ilionekana mwaka 1922 na vijana wetu wakamiminika katika miaka ya 1930. Walikuwapo waliovuka Tunduma kwenda migodi ya shaba. Walikuwapo waliochukuliwa na Wenela kwenda Joni, na waliokwenda manamba katika mkonge wa Tanga. Wanachuo walirudi na madaftari arobaini na matatu. Niliyasoma yote. Sijapata kusoma jiografia nzuri kama ile tangu hapo.

Daftari moja lilimhusu baba yangu mzazi. Mwanachuo mmoja alitoka kata yetu, naye bila kuniambia alikwenda kumuuliza mzee wangu. Baba alikuwa amekwenda Luanshya wakati wa vita vya pili, akarudi mwaka 1949, mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Nyumbani tulijua kwamba alirudi na baiskeli na cherehani, na kwamba akikasirika alichanganya maneno ya Kibemba. Zaidi ya hapo hakusema, nasi hatukuuliza. Mtoto wa Kinyakyusa hamhoji baba yake kama hakimu. Lakini kijana mgeni mwenye daftari alimwuliza kwa adabu, naye akasema. Alieleza njia, alieleza chini ya mgodi, alieleza vyama vya kuzikana. Na katika ukurasa wa mwisho alieleza kwamba huko Luanshya alimwacha mama mmoja na mtoto wa kike, na akamtaja mtoto huyo kwa jina.

Nilisoma ukurasa ule nikiwa ofisini peke yangu. Mama yangu alikuwa hai. Niliona haya, nikaona na hasira. Nikaandika kwa wino mwekundu "Vizuri, 14/20", nikalifunga daftari, nikaliweka pamoja na mengine katika sanduku, na sanduku katika stoo. Nilijiambia kwamba siku moja nitazungumza na mzee. Baba alifariki mwaka 1987. Siku hiyo haikufika.

Baadaye nikawa mkuu wa chuo. Mwaka 1996 stoo ilikuwa inavuja, karatasi zimeshika ukungu, na ikaamuliwa vitu chakavu viondolewe. Nililetewa orodha: viti vilivyovunjika, mabati yenye kutu, "makaratasi ya zamani, masanduku sita". Nikatia sahihi. Sikwenda kutazama. Juma moja baadaye, siku ya soko, nilinunua karanga, na karatasi iliyofungiwa ilikuwa na mwandiko wa mwanachuo. Ilisema: "Mzee anasema walipofika mtoni walikuta wenzao wa Ngonde wakawapa ugali, kwa sababu walisikia lugha ni moja." Nilimwuliza yule mama kama anazo nyingine. Akanionyesha tatu, zote za hesabu. Nyingine zilikwisha kwenda na vitumbua na karanga.

Karatasi ile ninayo hadi leo. Daftari la baba sikulipata. Na jina la yule mtoto nimelisahau. Nimekaa usiku mwingi nikilitafuta. Nakumbuka tu kwamba lilianza na herufi Ch, na majina ya Kibemba yanayoanza hivyo ni mengi kama migomba.

Ndiyo sababu siku hizi silalamiki tena kwa sauti ile ya zamani. Karatasi za akina Wilson ziko katika maktaba ya chuo kikuu cha Cape Town. Ziko mbali, na kijana wa Rungwe hawezi kuzifikia kwa nauli ya basi, na hilo ni jambo la kusikitisha kweli. Lakini ziko. Mwandishi alipotaka kumfufua Leonard Mwaisumo baada ya miaka sabini na mitano, alimkuta. Madaftari yangu arobaini na matatu yalikaa hapahapa petu, mikononi mwa mwenye mali, na mwenye mali ndiye aliyeyatia sahihi yakafungie karanga. Aliyechukua amekosa kwa kutorudisha. Mimi niliyebaki nayo nilikosa kwa kutothamini. Makosa haya mawili hayafutani.

Nilimsimulia mjukuu wangu habari hiyo. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote, hata marehemu bibi yake. Alinyamaza kwa muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kwa hiyo Babu una dada Zambia."

"Pengine," nikasema. "Kama yu hai, yuko karibu na themanini."

Sikuwa nimewahi kulisema hivyo. Kwa miaka arobaini nililiita "lile jambo la Luanshya". Ilihitaji mtoto wa miaka ishirini na mbili kuliita dada.

Nilichojifunza katika ramani ile ni kwamba mstari si wino tu. Kila mstari unaovuka mahali una ncha mbili, na kwa kawaida ni ncha moja tu inayoandikwa. Wilson aliandikwa, Mwaisumo akasahauliwa. Kibarua aliyekwenda mgodini aliandikwa, mwanamke aliyebaki akilima hakuandikwa. Baba aliyerudi Rungwe tulimwimbia, aliyebaki Luanshya hatukumtaja. Na mtafiti mwema, awe wa Berlin au wa Busokelo, ni yule anayekwenda mpaka ncha ya pili.

Mwezi uliopita nilinunua madaftari matano ya kurasa tisini na sita. Nilikwenda kwa mama mmoja jirani, mjane, aliye na umri wa zaidi ya miaka tisini, ambaye mumewe alikwenda Joni mara mbili kabla ya Uhuru. Nilimwamkia, nikakaa. Nilidhani atanieleza habari za mumewe. Yeye akanieleza habari zake: jinsi alivyolima peke yake, jinsi alivyosubiri barua zilizosomwa na katekista mbele ya watu wote, hata akaomba mumewe asiandike maneno ya upendo. Alieleza jinsi alivyoijua Johannesburg mtaa kwa mtaa bila kuiona, kwa sababu kila aliyerudi alimpitia kumpa salamu. Tulikaa mpaka kuku wakaingia ndani. Ilikuwa ukwangala hasa.

Nilipoinuka aliniuliza, "Mwalimu, na hayo uliyoandika utayapeleka wapi?"

Swali hilo, nadhani, wazee wetu walikuwa na haki ya kumwuliza kila aliyekuja na daftari, tangu wamisionari mpaka mimi. Nilimjibu kwamba nitayaandika vizuri, nakala moja nitamletea yeye, ya pili itakwenda shule ya msingi iliyo karibu naye, ya tatu itakwenda Dar es Salaam kwa mjukuu wangu. Akasema, "Ndaga." Nakala yake nimekwisha kumpelekea. Hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea, akanisahihisha mahali pawili.

Ramani ya mjukuu wangu imekwisha rudishwa na mwalimu wake, na alama zake ni nzuri. Alinitumia nakala kwa njia ya basi. Iko ukutani, juu ya redio. Duara la Mwaisumo ni kubwa kama nilivyoomba. Na kutoka Rungwe kuna mstari mmoja wa penseli, uliochorwa kwa mkono baada ya kazi kusahihishwa, unaokwenda moja kwa moja mpaka Luanshya. Mwisho wake ameandika herufi mbili tu, Ch, na nafasi akaiacha wazi.

Mvua ikipungua, nitakwenda Tunduma kuulizia mabasi.